Fungu la Aliye Porini

Ghala, mtambo wetu wa mitihani, lilipoomba kidole changu asubuhi ile nilikuwa na andazi mkononi, na nusura nikiweke bila kusoma. Ndivyo tulivyokuwa tumezoea ofisini. Taa ndogo ya kijani inawaka mezani, unaweka dole gumba, unarudi kwenye chai yako.

Sheria inasema hakuna mtoto atakayefutiwa mtihani bila kidole cha binadamu. Ilitungwa zamani, wakati mitihani ilipokuwa ikivuja na shule nzima zinafutiwa matokeo kwa kosa la mtu mmoja aliyeuza karatasi. Sasa hakuna karatasi ya kuuza. Walimu hutunga swali mama, Ghala hulipokea, na swali mama huzaa watoto kadiri inavyotakiwa: majina yanabadilika, namba zinabadilika, machungwa yanakuwa mahindi. Nchi nzima hakuna watoto wawili wanaofanya mtihani mmoja. Ghala linamjua kila mtahiniwa tangu darasa la kwanza, linajua anapenda kukosea wapi, na linamchagulia swali linalofuata kutokana na alivyojibu lililotangulia. Mimi ni mlezi wa maswali ya hesabu. Kazi yangu ni kupokea maswali mama, kuyapanga, kuyastaafisha yakichoka, na kuweka kidole.

Kioo kilisema hivi: Shule ya Msingi Kasanzu. Darasa la saba lote. Kosa pacha. Pendekezo: njama. Weka kidole.

"Weka tuendelee, dada Sekela," alisema Hamduni, mlezi wa maswali ya sayansi, ambaye meza yake inagusana na yangu. "Chai inapoa."

"Ngoja kwanza. Wamefanya nini hawa?"

"Wameiba, wamefanya nini tena? Ghala halijawahi kukosea."

Nilifungua majibu. Swali lilikuwa la kugawanya, la kawaida kabisa, na kila mtoto alikuwa na lake. Msichana anayeitwa Minza aliambiwa: warina asali sita wamepata lita arobaini na mbili, wakigawana sawa kila mmoja atapata lita ngapi? Akaandika sita. Jibu ni saba. Mwenzake alikuwa na warina wanne na lita thelathini na mbili. Akaandika sita, zinabaki mbili. Jibu ni nane. Nikaendelea kushuka. Kila mtoto, awe kichwa au awe wa mwisho darasani, alikuwa ameongeza mtu mmoja kwenye hesabu kisha akagawanya. Na aligawanya vizuri. Hakuna aliyeteleza kwenye kugawanya kwenyewe, na hapo ndipo nilipoweka andazi chini.

"Hamduni, hebu njoo uone. Mwizi gani anaiba jibu la kukosa?"

Alisogeza kiti, akatazama, akakuna kidevu. "Mwalimu wao kawafundisha vibaya."

"Darasa zima, na asiwepo hata mmoja aliyesahau?"

Sasa nieleze kwa nini sikuweza kubonyeza tu 'si njama' nikaenda zangu. Swali lile ni swali la mlango. Ukilipata, Ghala linakufungulia njia ya juu, yenye maswali mazito na alama nyingi. Ukilikosa, linakuteremsha njia ya chini, na huko hata upate kila kitu hufikishi alama za kuchaguliwa kwenda sekondari. Nikisema njama, watoto wa Kasanzu wanafutiwa. Nikisema si njama, wanabaki na matokeo yao, na matokeo yao ni kufeli. Na mtihani wa Ghala mtoto hufanya mara moja tu maishani.

Nikatazama miaka ya nyuma. Tangu Ghala lianze, Kasanzu haijapeleka mtoto sekondari. Chombo cha kugundua kosa pacha kimewekwa mwaka huu tu. Kabla ya hapo walikuwa wanafeli kimyakimya, na Ghala lilishaandika kwenye kumbukumbu zake kwamba watoto wa shule hiyo hawajui kugawanya. Nilihisi hasira ikinipanda mpaka masikioni.

Mlezi akisita ana haki ya kwenda kupima upya, yeye mwenyewe, ana kwa ana. Nilimpigia Mkurugenzi, Dakta Rwechungura, nikamwambia naitumia.

"Haki hiyo haijawahi kutumika, Sekela," alisema.

"Basi leo itatumika, Daktari."

*

Kasanzu iko ndani ya miombo, mahali ambapo gari la ofisi lilitangaza mara kadhaa kwamba barabara hiyo haipo. Ipo. Mwisho wake kuna shule ya matofali ya kuchoma, uwanja uliofagiwa, na mwalimu mkuu aliyenisubiri mlangoni akiwa amekunja mikono.

"Karibu," alisema Mwalimu Kashindye, kwa sauti isiyokuwa na karibu ndani yake. "Tumeambiwa sisi ni wezi."

"Bado hamjaambiwa, mwalimu. Wanasubiri kidole changu."

"Na umekileta?"

"Nimekileta. Ila nataka kwanza niwasikie watoto."

Alikunjua mikono, akanipisha.

Upimaji upya una masharti yake. Mtoto anaingia peke yake, mwalimu wake anakaa nje, na Ghala lenyewe linasoma swali kupitia kishikwambi, kwa ile sauti ya upole inayowasomea watoto wote nchini. Mlezi haruhusiwi kusema kitu. Nilimwomba Mwalimu Kashindye aanze na Minza.

Aliingia mtoto mwembamba, sketi imefuliwa mpaka imepauka, akaamkia, "Shikamoo mwalimu." Nikaitika marahaba, nikamwonyesha dawati. Kishikwambi kikawaka.

"Warina asali wanane wamepata lita sabini na mbili," Ghala lilisoma. "Wakigawana sawa, kila mmoja atapata lita ngapi?"

Minza hakuandika. Aliinua mkono kama yuko darasani.

"Wote wamerudi?" aliuliza.

"Soma swali tena," lilijibu Ghala.

"Nimesoma. Halijasema."

"Soma swali tena."

Mtoto alinigeukia. Nilibana midomo, maana masharti ni masharti, na ilikuwa inaniuma. Alisubiri kidogo, akashusha pumzi, akaandika: nane. Sabini na mbili kwa tisa. Kioo kikaonyesha alama nyekundu.

Akaingia wa pili. Swali lingine, namba nyingine, mkono ukainuka: "Wote wamerudi?" Akaingia wa tatu. Kufikia wa tano nilikuwa natamani kukipiga hicho kishikwambi ukutani. Kila mtoto aliuliza, kila mtoto akaambiwa asome tena, na kila mtoto akagawanya kwa mtu mmoja zaidi. Ghala limejengwa kusikia maswali ya watoto wanaotaka kudokezewa, na jibu lake kwa wote hao ni moja. Halikuwahi kufundishwa kwamba mtoto anaweza kuuliza kwa sababu swali limepungukiwa.

Nilizima kishikwambi nikatoka nje.

Nyuma ya jiko la shule wazee wawili na akina mama walikuwa wanagawa asali kwa ajili ya uji wa watoto na kwa ajili ya waliokwenda mizingani. Madumu yalikuwa yamepangwa chini ya paa. Mama mmoja alimimina, akahesabu majina, na alipomaliza majina yote akachukua dumu lingine tupu, akalijaza vilevile, akaliweka pembeni ya mengine.

"Hilo la nani?" nilimuuliza.

"La aliye porini."

"Nani yuko porini?"

"Leo? Sijui bado," alisema, kana kwamba nimeuliza jambo la kitoto. "Ndiyo maana tunaliweka."

Mwalimu Kashindye alikuwa amenifuata. "Warina wanaingia msituni kwa makundi," alisema. "Kuna anayepotea, kuna anayeumwa na nyoka, kuna anayebaki kumtafuta mwenzake. Hapa hatugawi mpaka tujue wote wametoka. Kama wote wametoka, tunagawa kwa idadi yao. Kama hatujui, fungu moja linakaa. Mtoto wa Kasanzu anajua hivyo kabla hajajua kuandika jina lake."

"Na hamkuwahi kuliambia Ghala?"

"Tumwambie nani, mama? Kile kioo? Tuliandika, tukajibiwa tusome mwongozo tena."

Nilicheka, kicheko kibaya. Minza alikuwa amesimama karibu na madumu akitusikiliza.

"Baba yangu alibaki porini," alisema. "Alirudi tumeshaanza kumlilia. Akakuta fungu lake lipo."

Alisema bila kulia na bila kujisifu, akitaka tu nielewe hesabu yake. Mimi ndiye niliyegeuka pembeni kujifuta macho.

Nitasema kilichonipitia kichwani, maana kilinipitia. Nilifikiri: niwakusanye hawa watoto, niwaambie kwamba kwenye mtihani wote wamerudi, siku zote, wasiulize. Dakika tano tu. Nipime tena, walete majibu ya kitabu, nibonyeze 'si njama', wafunguliwe mlango. Nilimnong'oneza Mwalimu Kashindye.

Alinitazama moja kwa moja. "Watapita?"

"Huenda."

"Na mwaka ujao, na mwingine, tutakuwa tunawafundisha kwamba ukifika kwa wakubwa, aliye porini si wako tena. Hapana, mama. Kama ni hivyo, weka kidole chako tukae na watoto wetu."

Niliona aibu, na baada ya aibu ikaja ile hasira yangu ya asubuhi, safari hii imepata pa kwenda.

*

Dakta Rwechungura si mtu mbaya, na hilo ndilo lililofanya mambo yawe magumu. Alikuwa mtoto wa shule iliyofutiwa enzi za mitihani kuvuja. Yeye mwenyewe hakuwa ameona karatasi yoyote ya wizi. Alirudia darasa akiwa na aibu isiyo yake, na aliposoma akajenga Ghala ili jambo lile lisimpate mtoto mwingine. Sote ofisini tunaijua hadithi hiyo, na sote tunamheshimu kwa ajili yake.

Alinipokea amesimama. Ghala lilikuwa limeshampelekea matokeo ya upimaji wangu: makosa yaleyale, alama nyekundu tupu.

"Umejionea," alisema. "Weka njama tumalize. Au kama moyo unakuuma, weka si njama, wabaki na alama zao. Nchi inasubiri matokeo."

"Sitaweka hata moja."

"Sekela."

"Hesabu zao ni sahihi, Daktari. Sabini na mbili kwa tisa ni nane. Angalia majibu yote, hakuna aliyekosea kugawanya. Tumewapima kitu kingine tukakiita kugawanya."

"Watu wanane ni watu wanane. Kila mahali duniani."

"Wanane waliorina. Swali halijasema kama kuna mwenzao aliyebaki porini. Mtoto ameuliza, tukamwambia asome tena."

Alikaa. Alijikanda paji la uso, na kwa mara ya kwanza akazungumza polepole. "Nikilifungua hili, kesho kila kijiji kitaleta desturi yake. Huku wanagawa hivi, kule wanahesabu vile. Nani ataandika swali litakalowatosha wote?"

"Sisi. Ndiyo kazi yetu."

"Na leo?"

"Leo nalizuia swali."

Hapo alisimama tena. Mlezi ana uwezo wa kuweka zuio kwenye swali mama. Zuio likikaa, watoto wake wote wanasimama nalo, na kila mtahiniwa aliyekutana na mmoja wao hapati matokeo mpaka sababu ya zuio iondolewe. Hakuna anayeweza kulifuta kwa amri, hata Mkurugenzi. Aliliwekea Ghala sheria hiyo yeye mwenyewe, asije mkubwa yeyote akapitisha swali bovu kwa nguvu.

"Unajua ni watoto wangapi wamekutana na swali hilo?" aliuliza. "Nusu ya nchi. Wazazi wao watakuja hapa na mawe."

"Najua. Wangu yumo."

Alikuwa anamjua binti yangu Atupele. Alikuwa amemletea keki siku moja ya sikukuu.

"Ukifanya hivyo sitaweza kukubakisha kazini," alisema. "Si kwa chuki. Sitaweza tu."

"Ulijenga hiki kitu ili lile lililokupata lisimpate mtoto mwingine," nilimwambia. "Limewapata. Watoto wa shule nzima wanaitwa wezi, na hawajaona karatasi yoyote ya wizi. Kidole kinachotakiwa ni changu, na mimi sikitoi."

Kioo cha mezani kwake kilikuwa kinasubiri. Nilifungua swali la asali, lile mama, nikachagua zuio. Ghala likauliza sababu. Niliandika: Swali halisemi kama wote wamerudi.

Kioo kilichelewa kuliko kawaida yake. Nadhani Ghala lilikuwa linatafuta jibu kwenye kila kitu lilichowahi kuambiwa na watu wa nchi hii, na halikulipata. Kisha taa ya kijani ikawaka, nikaweka dole gumba, na maneno yakatokea: Zuio limewekwa.

*

Wazazi hawakuja na mawe, ila matusi walikuja nayo ya kutosha. Redioni waliniita mama wa asali. Dada yangu alinipigia simu kuniuliza kama nina akili timamu, kwa sababu na mwanawe alikuwa anasubiri. Atupele alirudi kutoka kwa wenzake, akatupa viatu mlangoni.

"Mama, ni wewe uliyetuzuia?"

"Ni mimi."

"Lakini mimi nililipata lile swali!"

"Najua, mwanangu. Utapewa alama yako. Utaipata kwa kuchelewa."

Hakunisemesha mpaka chakula cha jioni. Alipoketi nilimweleza kuhusu Minza, na dumu la pembeni, na baba aliyerudi akakuta fungu lake. Halafu akauliza, "Na wao watafunguliwa mlango lini?" Nikajua binti yangu yuko upande wangu, nikashukuru Mungu pale pale na kijiko mkononi.

Dakta Rwechungura alijaribu kila njia ya kuliondoa zuio. Alimteua mlezi mpya. Ghala likamwuliza sababu imeondolewa vipi, naye hakuwa na la kusema. Aliita wataalamu, wakapendekeza swali listaafishwe. Ghala likakataa kustaafisha swali lenye lalamiko ambalo halijajibiwa. Lilikuwa limejengwa vizuri mno. Mwishowe alifanya kitu pekee kilichobaki, ambacho kingeweza kufanyika siku ile ile nilipokuwa nimesimama mbele ya meza yake. Waliongeza maneno mawili kwenye swali mama. Watoto wa Kasanzu wakarudishwa kwenye swali la mlango, wakasomewa upya, na safari hii hakuna aliyeinua mkono. Matokeo ya nchi yakatoka. Minza alichaguliwa, na wenzake wengi pamoja naye. Barua yangu ya kufukuzwa ilitoka juma hilohilo, ikiwa na saini ya mkono, kitu ambacho ofisi ile haikuwa imekifanya kwa miaka.

Sasa nafundisha hesabu shule ya kata, kwa chaki. Sijutii, na anayetaka nijute atachoka yeye.

Msimu wa mtihani uliofuata Hamduni alinipigia simu. Nilisikia vikombe nyuma yake, ulikuwa wakati wa chai.

"Dada Sekela, nikusomee kitu. Kimepita hapa mezani sasa hivi." Akakohoa, akajifanya sauti ya Ghala. "Warina asali saba wamepata lita hamsini na sita. Wote wamerudi. Wakigawana sawa, kila mmoja atapata lita ngapi?"

Nilimwomba arudie, akarudia.

"Yale maneno mawili linayaweka kila mahali siku hizi," aliendelea. "Kwenye mahindi, kwenye samaki, kwenye madaftari. Hatujaliagiza. Wote wamerudi, wote wapo, hakuna aliyebaki. Na mtoto akiinua mkono, halimwambii asome tena. Linamwuliza: umekosa kujua nini?"

"Na mezani kwangu kakaa nani?"

"Hajakaa mtu. Kila siku wakati wa chai nanunua maandazi ya wote, nahesabu, naongeza moja, naliweka pale kwako." Alishusha sauti. "Jana Mkurugenzi alipita akaliona. Akaniuliza, hili la nani? Nikamwambia, la aliye porini, Daktari."

"Hamduni! Akasemaje?"

"Alisimama pale akalitazama, kisha akaenda zake. Hakuliondoa."